Kijitabu cha Katuba: shajara ya mwaka 2025

Januari

Tumeanza. Tunataka kutoa kijitabu cha hadithi fupi zilizotungwa na watu wa Lubumbashi, Kongo, kwa Kiswahili chao, hadithi ambazo mama wa sokoni atazisoma mwenyewe bila kumwita mtoto wa shule. Zitakuwa karatasi za fotokopi zilizokunjwa katikati na kubanwa pini, na bei iwe ile ambayo mtu akishanunua unga wa bukari, yaani ugali, bado anaimudu.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Nina kibanda hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kompyuta moja na mashine ya fotokopi, na mchana kutwa hupitia mikononi mwangu tasnifu za wanafunzi wa Kasapa, yaani chuo kikuu cha hapa, barua za kuomba kazi, hati za viwanja. Usiku nasoma. Napenda vitabu tangu utotoni, nilipokuwa nikisoma hata karatasi zilizofungiwa karanga, na mapenzi hayo hayajapoa. Lakini ukifungua sanduku langu utakuta karibu vyote ni vya Kifaransa, vingi nimevinunua mjini kwa wale wanaotandaza turubai chini, vingine havina jalada wala ukurasa wa mwisho. Kiswahili, ambacho nilibembelezwa kwacho, nikagombezwa kwacho na nikaposwa kwacho, kimo humo kwa sura mbili tu: Biblia na kitabu cha nyimbo za kanisani. Wenzangu kikundini nao ni hivyohivyo. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Redioni kipo. Kwenye maigizo kipo tangu enzi za Mufwankolo na kundi lake, waliowachekesha wazazi wetu. Hadithi za kukaa nazo chini ukazisoma ndizo haba, na hilo linaniuma.

Kikundi chenyewe: kijana fundi simu wa Kamalondo, mama anayeuza vitoyo na kapenta, yaani samaki wakavu na dagaa, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mwalimu wa shule ya msingi, dada wawili wanafunzi, na mstaafu wa reli ambaye sote tunamwita Papa. Tunakutana kwake Jumamosi, soko likishapoa. Mvua za mwezi huu zikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake, basi tunangoja zipungue huku tukinywa chai.

Mwisho wa mwezi Goma, mji wa mashariki mwa nchi yetu, imetekwa na waasi wa M23. Mkutano wa wiki hiyo hatukusoma kitu. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumpigia simu.

Februari

Katikati ya mwezi ikawa zamu ya Bukavu. Nina rafiki huko, mwalimu, tumekuwa tukipeana habari za vitabu kwa miaka mingi. Yuko salama nyumbani kwake, ila ameniambia kwamba kwa sasa hashiki kalamu. Nimemwambia asihangaike, nafasi yake kwenye kijitabu itamngoja.

Vitabu vimefika! Fundi simu wetu hutengeneza simu za madereva wa malori, yale yanayobeba shaba kutoka huku, yanavuka mpaka wa Kasumbalesa, yanaikata Zambia hadi Nakonde na Tunduma, halafu yanateremka mpaka bandari ya Dar es Salaam. Alimwomba dereva mmoja Mtanzania atuletee chochote cha Kiswahili kitakachopatikana. Yule bwana alirudi na vitabu viwili ndani ya mfuko wa nailoni, na alichodai ni bei iliyoandikwa nyuma tu.

Kimoja ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na ambacho kiliwahi kuzuiwa mashuleni Tanzania. Wale dada wawili walikimaliza haraka, na bado wanabishana juu ya yule baba mlevi mwenye mkono mkali: je, ni yeye aliyempoteza binti yake? Papa hataki kuusikia ubishi huo, anasema yeye ana mabinti.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Hiki tulikisoma pamoja, polepole, kwa zamu. Kiswahili chake kina mikunjo ambayo masikio yetu hayakuizoea, na mwanzoni tulikuwa tukisimama kila baada ya mistari miwili kuulizana. Halafu tukazoea. Kisa chake kiko katika nchi inayoelea angani, na Karama, mshtakiwa, anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, wakarudi na mema ya kufundisha, wakaishia kifungoni. Mshtakiwa hajitetei kwa kusema «sikufanya». Anajitetea kwa hadithi, siku baada ya siku, na anayesikiliza ndiye anayebadilika. Nilipofunga kitabu usiku ule nilikaa kitandani nikiwaza jinsi umbo hilo lilivyo jepesi kubeba mambo mazito. Papa alisema kwa ufupi zaidi: «Ile njia ya Karama, miye ninayo. Nitasimulia ya reli.»

Nimenakili kurasa za mwanzo za vitabu vyote viwili kwa mkono kwenye daftari langu. Ni desturi yangu ya zamani: hadithi ikinishika, naandika upya mwanzo wake kwa kalamu, neno kwa neno, nione mwandishi aliingilia mlango gani. Kusoma kwa macho kunapita haraka mno kukufundisha hilo. Nawashauri wenzangu wote wajaribu, na mama wa vitoyo ameshaanza.

Machi

Mwezi huu tumepata kanuni yetu kuu, na imetoka mahali nisipopategemea.

Mwanafunzi wa Kasapa aliniletea kazi ya kufotokopi. Ilikuwa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, maandishi ya mwaka 1965 ya André Yav, yaliyotungwa kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi nyumbani mwa Wazungu. Mwaka mmoja baadaye mji ukaacha jina lile ukaitwa Lubumbashi. Ni historia ya mji huu kama walivyoiona wale waliopika, waliofua na waliofungua milango, na imeandikwa kwa Kiswahili chetu hasa. Nilimwomba mwanafunzi ruhusa ya kubaki na nakala, akakubali.

Nilijaribu kuisoma nyumbani kimyakimya, ikanikatalia. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa, mengine yamekatwa katikati, nukta ni za kubahatisha. Ndipo yule mwanafunzi akanieleza kwamba hata Johannes Fabian, mwanazuoni aliyeichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, alipitia njia hiyohiyo: ilibidi mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili cha huku aisome kwa sauti, arekodiwe, na kutoka kwenye sauti ile ndipo sentensi zikajulikana zinaanzia na kuishia wapi.

Jumamosi nikampa Papa. Akavaa miwani, akasogea dirishani, akaanza. Ndani ya dakika chache chumba kizima kilikuwa kimekaa sawa. Sentensi zilizokuwa tope machoni pangu zilitoka kinywani mwake zimenyooka, na pumzi zake zikawa ndizo nukta. Alisoma habari za boi na bwana wake kama mtu anayesimulia ya baba yake mzazi, na kwa kweli baba yake alikuwa boi kabla ya kuingia reli. Mwalimu wetu alilia.

Tangu siku hiyo tumekubaliana hivi: mwandishi hasomi hadithi yake mwenyewe. Anampa mwenzake daftari, anakaa, ananyamaza. Mwenzake anasoma kwa sauti bila kuandaliwa. Pale ulimi unapogonga, au sauti inapopoa, ndipo pana kazi. Mwandishi akijisomea mwenyewe huziba mashimo kwa sauti yake, kwa sababu anajua alichotaka kusema. Mnunuzi wa kijitabu hatakuwa na sauti ile. Atakuwa na karatasi tu.

Naamini kabisa kwamba kwa lugha kama yetu, ambayo wengi tumeisikia maisha yote na kuisoma kidogo sana, hakuna mhariri anayeshinda sikio.

Aprili

Mudimbe, mwandishi na mwanafalsafa wetu, amefariki huko Marekani. Alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, yaani Likasi, si mbali sana na hapa, akafundisha katika chuo chetu cha Lubumbashi miaka ya 1970, na vitabu vyake vinasomwa ulimwengu mzima. Kibandani wanafunzi walikuja kutwa nzima kutoa fotokopi za sura za vitabu vyake.

Jioni fundi simu aliuliza swali ambalo limekuwa likimsumbua: mbona wakubwa wetu wote wameandika kwa Kifaransa au Kiingereza, na wengi wakiwa mbali? Akamtaja na Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi wa 1981, ambaye riwaya yake Tram 83 ilitoka mwaka 2014 kwa Kifaransa, naye anaishi Graz, Austria. Mwalimu alimjibu kwamba kila mtu huandika kwa lugha iliyompa karatasi, na kwamba sisi kazi yetu ni kukipatia Kiswahili karatasi. Naona amelitaja jambo lenyewe.

Mei

Mvua zimekwisha. Hadithi zinakuja.

Mama wa vitoyo ameleta yake ya kwanza. Inahusu siku zile za Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa, na mwanamke mmoja aliyekwama upande wa pili na gunia lake la kapenta. Fundi simu ndiye aliyepewa daftari. Alisoma vizuri mwanzo wote: foleni ya malori, madereva wakipika chini ya matela, bei ya maji ikipanda. Tulikuwa tumeinama mbele kumsikiliza. Kisha akafika kwenye mstari huu: «Mama alijawa na huzuni isiyo na kifani moyoni mwake.» Ulimi haukugonga, lakini sauti ilipoa. Dada mmoja akaanza kuchezea simu.

Papa akasema: «Rudilia hapo.»

Kijana akarudilia. Ikapoa tena palepale.

Mama akacheka kidogo, akatikisa kichwa. «Ile siku sikukuwa na huzuni, miye. Nilikuwa nahesabia samaki.»

Kukawa kimya, maana hakuna aliyejua kwamba mwanamke wa hadithi ni yeye. Mwalimu akamuuliza: ulikuwa unawahesabia nini? Akaeleza kwamba usiku kucha alifungua gunia, akawahesabu kwa mafungu, akalifunga, halafu baada ya muda akafungua tena, kwa sababu mikono ilikosa kazi nyingine na alitaka kujua ni fungu ngapi zitalipa deni ikiwa nusu zitaharibika. Akaichukua kalamu, akaufuta ule mstari, akaandika hayo. Kijana akasoma upya. Simu ikarudi mfukoni.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu ndilo somo kubwa la utunzi nililopata mwaka huu. Zile sentensi za «huzuni isiyo na kifani» sote tunazo. Zimetoka mahubirini, kwenye insha za shule, kwenye tamthilia za televisheni, na zinatujia zenyewe tukishika kalamu kwa sababu tunadhani ndivyo kitabu kinavyosema. Ukizisoma kwa macho huzioni. Zisomwe kwa sauti na mtu mwingine, chumba kitakuonyesha.

Rafiki yangu wa Bukavu ameandika. Niseme ameongea: ametuma hadithi kwa ujumbe wa sauti, vipande vipande, mtandao unavyoruhusu. Ni ya msichana anayepandisha maji kutoka ziwani hadi Kadutu, na kila ngazi ya kilima anaijua kwa jina alilolipa mwenyewe. Dada mkubwa anaiandika kutoka kwenye simu, akisimamisha na kurudisha. Bado kipande cha mwisho. Ameomba tusiweke jina lake, na hatutaliweka.

Juni

Baridi. Asubuhi wateja wanakuja na blanketi mabegani, na vidole vyangu vinakuwa vizito kwenye vibonye. Umeme ukikatika naacha kompyuta na kusoma rasimu kwa sauti peke yangu kibandani. Wapita njia wameshazoea. Mmoja alisimama mpaka mwisho wa hadithi, akauliza inauzwa wapi.

Tumebishana wiki mbili juu ya Kiswahili gani kiandikwe. Mwalimu alitaka masimulizi yawe Kiswahili sanifu, na mazungumzo ya wahusika yawe ya Lubumbashi. Ana hoja: hadithi ikienda Kigoma au Dar es Salaam isomeke, na wahusika wabaki na vinywa vyao. Nyingi tumezifanya hivyo na zimetulia. Lakini ya Papa ilikataa. Yake ni mzee wa reli aliyeitwa mbele ya wakubwa wa mtaa kujibu shtaka, naye anajibu kwa kusimulia safari zake sita, kila safari na kituo chake, Sakania, Tenke, Kamina na kuendelea, na abiria aliyekutana naye pale. Nilipojaribu kunyoosha masimulizi yawe sanifu, dada mdogo akaisoma, na yule mzee akageuka mtangazaji wa habari. Papa alisikiliza kwa adabu, halafu akasema: «Huyu muzee sikumujua.»

Tumerudisha yote kama alivyoisema. Maamuzi yangu ni haya: pale msimuliaji anapokuwa mtu wa mtaani anayeongea na watu wa mtaani, lugha yake haiguswi hata chembe. Tumekubaliana tu kwamba neno moja liandikwe namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kijitabu, ili msomaji asikwame kama nilivyokwama na maandishi ya 1965. Orodha ya maamuzi hayo imebandikwa ukutani juu ya kompyuta.

Urefu: kurasa nne za kijitabu kwa hadithi moja, zisizidi. Zaidi ya hapo anayesoma kwa sauti anachoka, na uchovu wake anaugawa kwa wote. Ya Papa tumeikubalia nane, kwa sababu ina vituo vya kupumzikia.

Julai

Kijitabu kimetoka.

Kwa watakaotaka kufanya hivi, haya ndiyo mambo ya mikono. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Chetu kina 24, yaani karatasi sita. Kurasa mbili zinazokaa bega kwa bega upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike 25: ukurasa wa 1 na wa 24, wa 2 na wa 23, hivyo hadi wa 12 na wa 13, ambazo ndizo za katikati kabisa. Ukikumbuka jumla hiyo hutapotea. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, basi tumetoboa kwa sindano nene na kushona kwa uzi, matundu matatu. Wale dada wamekuwa wepesi sana, na uzi unapendeza kuliko pini. Jalada ni karatasi nzito ya kahawia, bila picha.

Tulikisoma hadharani tarehe 7, Jumatatu, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tuliomba ukumbi mdogo wa parokia, wakatupa. Niliogopa viti vitabaki vitupu, lakini wateja wa mama wa vitoyo walikuja na watoto mgongoni, wastaafu wa reli wakaja wamevaa makoti, na wanafunzi wa Kasapa wakasimama nyuma. Kanuni ilifuatwa: kila hadithi ilisomwa na asiyeitunga. Ya Papa aliisoma dada mdogo, safari hii kwa Kiswahili cha mzee mwenyewe, na alipofika Kamina wastaafu walianza kuitikia majina ya vituo kabla hajayataja. Ya Bukavu niliisoma mimi. Niliisoma polepole, ngazi kwa ngazi. Walipopiga makofi nilirekodi na kumtumia rafiki yangu.

Nakala zote tulizokuja nazo ziliondoka.

Agosti

Vumbi jekundu kila mahali, mashine ya fotokopi naipuliza vumbi kila asubuhi. Fedha za mauzo zimenunua rimu mpya na wino, na kidogo kimewekwa akiba kwa mkono wa mwalimu.

Maombi yanakuja. Mwanamke mmoja wa Rwashi alinunua nakala, akarudi na daftari lake mwenyewe lililojaa mwandiko wa pande zote mbili. Fundi simu amempa yule dereva nakala kumi na mbili azipeleke Tanzania, na amemwomba alete mashairi safari hii. Likasi wameanza kikundi chao, nimewatumia orodha yetu ya ukutani ingawa nimewaambia wasiifuate kama sheria. Wao wana masikio yao.

Rafiki wa Bukavu ameshika kalamu. Ametuma picha ya ukurasa, mwandiko wake ule mdogo ninaoujua.

Kijitabu cha pili tunataka kiwe cha jikoni na sokoni, na mama wa vitoyo ndiye atakayechagua hadithi. Nami nimeanza kuandika yangu, ya msichana anayesoma karatasi za kufungia karanga na kutafuta mwendelezo wake soko zima. Kurasa mbili zimesimama. Jumamosi ijayo nitampa Papa daftari, nikae, ninyamaze.